Skinner wa San Francisco Ndani ya Kompyuta: Mabomba Yamenaswa, Luva Bado

Seti ya sampuli (yaani rekodi za bomba moja moja ambazo kompyuta huziliza upya) ya kinanda cha Skinner Opus 497, ambayo kampuni ya Sonus Paradisi ya Prague iliirekodi katika sinagogi la Emanu-El mjini San Francisco, inastahili tathmini ndefu kuliko zile sifa za sentensi mbili ambazo bidhaa za aina hii hupewa kwa kawaida. Seti nyingi zinazopendwa na wapiga vinanda wa kompyuta zimetoka Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, kwenye vinanda ambavyo mpangilio wake unapatana vizuri na namna kompyuta inavyofanya kazi: bomba linalia au linanyamaza, basi. Kinanda cha Kimarekani cha miaka ya 1920 kina tabia nyingine kabisa, na ukikifungua kwenye Hauptwerk, programu inayoziliza sampuli hizo, utatambua mapema ni wapi teknolojia hii imekomaa na ni wapi bado inabahatisha. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda. Mabomba yamenaswa kwa uaminifu mkubwa, lakini nusu ya uhai wa kinanda cha Skinner imo katika masanduku yanayoyafunika mabomba hayo, na sanduku si kitu kinachorekodika kwa urahisi.

Msomaji aliyezoea kinanda cha umeme cha kwaya atahitaji maelezo kidogo. Kinanda cha mabomba hakina spika. Mashine ya kupuliza husukuma upepo hadi chini ya mabomba, na mpigaji akibonyeza kibao, vali hufunguka na bomba hulia. Kila bomba lina noti moja, rangi moja ya sauti na ukubwa mmoja wa sauti, na halibadiliki hata ukibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Mfululizo wa mabomba ya rangi moja, kuanzia noti ya chini hadi ya juu, ndio rejista, nayo mpigaji huifungua au huifunga atakavyo. Kwa sababu hiyo wazo la kukirekodi kinanda kizima bomba kwa bomba, kisha kuiachia programu kazi ya kuyaliza mabomba hayo upya kwa amri ya kibodi ya MIDI, si wazo la kichaa. Piano ingekuwa na ugumu zaidi, kwa kuwa kila noti yake ina viwango visivyohesabika vya mguso. Kinanda cha mabomba kinaonekana kana kwamba kiliumbwa kwa ajili ya kurekodiwa hivyo, hadi unapokutana na mtengenezaji vinanda Ernest M. Skinner.

Skinner alizaliwa mwaka 1866, akafa mwaka 1960, na kampuni yake ya Boston ndiyo iliyoamua kwa sehemu kubwa Wamarekani wa enzi yake watarajie kusikia nini wanapoingia kanisani au katika ukumbi mkubwa. Alitaka kinanda kiweze kufanya kazi ya okestra. Alibuni rejista mpya, miongoni mwake Erzähler ya mwaka 1904, yenye mabomba yanayosinyaa kuelekea juu, na French Horn, ambayo ukiisikia kwa mara ya kwanza unageuka kutafuta mpiga baragumu yuko wapi. Zaidi ya rangi hizo, aliyafungia mabomba mengi ndani ya masanduku makubwa ya mbao nzito yenye luva upande mmoja, kama zile za madirishani, ambazo mpigaji huzifungua na kuzifunga kwa mguu. Luva zikifungwa, rejista kali husikika kama iko nyumba ya pili. Zikifunguliwa polepole, sauti ileile hukua hadi ikajaza jengo. Muziki wa Kimarekani wa kipindi hicho, pamoja na tenzi zilizosindikizwa kwa vinanda hivi, uliandikwa na kupigwa kwa kutegemea mguu huo wa kulia kama vile mwimbaji anavyotegemea pumzi yake.

Opus 497, ya mwaka 1924, ina kibodi nne za mikono pamoja na ile ya miguu, na sinagogi lenyewe, lenye kuba kubwa linaloonekana kutoka mbali, lilikamilika mwaka 1926. Hili ni hekalu la Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi, ambao tofauti na wenzao wa madhehebu ya Kiothodoksi wanaruhusu kinanda katika ibada ya Sabato. Katika hekalu hilo mtunzi Darius Milhaud aliongoza onyesho la kwanza la Service Sacré, muziki wake wa ibada ya Kiyahudi, mwaka 1949. Ninataja hayo kwa sababu wanunuzi wengi huiona seti hii kama kinanda cha kanisa na kuanza kupiga Bach papo hapo, kisha wanalalamika kwamba sauti haina makali. Malalamiko hayo hayana msingi. Chombo hiki kilikusudiwa kumfuata mwimbaji wa sala, kumnyanyua na kumshusha, na ukikitumia hivyo kinakujibu.

Kazi ya kurekodi yenyewe inafaa kuelezwa, maana ubora au udhaifu wa seti huzaliwa hapo. Warekodi hufanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, kwa sababu basi moja likipita nje huharibu noti nzima. Kila bomba huachwa lilie kwa sekunde kadhaa, kisha hukatwa, na maikrofoni huendelea kusikiliza hadi mwangwi wa jengo uishe kabisa. Halafu noti hiyohiyo hurekodiwa tena kwa mguso mfupi, na pengine mara ya tatu kwa mguso wa wastani, kwa sababu jengo huitikia tofauti kulingana na muda ambao bomba limelia; noti ya haraka haijawahi kuujaza ukumbi, kwa hiyo mkia wake hauwezi kuwa sawa na mkia wa noti ndefu. Joto nalo lina hila zake. Nyuzi moja ya Selsiasi hupandisha sauti ya mabomba ya filimbi kwa takriban senti 3, yaani asilimia 3 ya nusu toni, ilhali mabomba ya ulimi, yale yanayolia kwa kipande chembamba cha shaba kinachotetemeka, hayapandi kwa kiasi hicho. Jengo likipoa kwa nyuzi 5 kati ya usiku mmoja na mwingine, rejista zilizorekodiwa mwanzoni na zile za mwishoni hazitapatana tena bila kurekebishwa kwa mkono.

Wingi wa data unaotokana na kazi hii huwashangaza wageni. Sekunde moja ya sauti ya stirio, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, ni baiti 288,000. Bomba moja likipewa sekunde 20, ukijumlisha sauti yenyewe na mikia yake, linafika karibu megabaiti 5.8. Chukua kinanda chenye mabomba 4,000 uzidishe, nawe uko kwenye gigabaiti 23, na hapo ni kwa nafasi moja tu ya maikrofoni. Seti za siku hizi huuzwa zikiwa na nafasi mbili au tatu: karibu na kinanda, katikati ya jengo, na nyuma kabisa. Programu nayo inahitaji sampuli hizo ziwe ndani ya RAM, kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, wakati wote, kwa kuwa kidole hakisubiri diski. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 itafungua sehemu tu ya kinanda kikubwa. Kwa gigabaiti 32 utapata nafasi moja ya maikrofoni bila kubanwa. Na anayetaka nafasi zote bila kupunguza biti aanze kufikiria gigabaiti 64 na kwenda juu. Huu si wakati wa kuifufua ile kompyuta ya zamani iliyo kabatini.

Sasa nije kwenye masikio. Kitu cha kwanza ninachokipima katika seti yoyote ya Kimarekani ni rejista zenye mawimbi zinazoiga ala za nyuzi, zile zinazoitwa celeste, ambamo mabomba mawili ya noti moja yamelinganishwa kwa tofauti ndogo ya makusudi ili yapishane na kuifanya sauti ipepee. Mtengenezaji mvivu huyarekodi mabomba yote mawili kwa pamoja, na hapo huzuka shida: programu hurefusha noti kwa kurudia kipande chake katikati, na kipande hicho kisipoanza na kuishia mahali palepale pa wimbi, utasikia kwikwi ndogo inayojirudia kila baada ya sekunde mbili au tatu. Shika akodi ya C kubwa kwa celeste peke yake, uiache kwa dakika nzima, usikilize kwa hedifoni. Katika Skinner huyu akodi hiyo inabaki hai, haina mshono unaosikika, na mawimbi ya noti za juu yanakwenda kasi zaidi ya yale ya chini kama yanavyopaswa. Nimewahi kununua seti nyingine, ya mtengenezaji ambaye sitamtaja, ambamo akodi hiyohiyo ilipiga kwikwi kama mtu aliyekunywa soda kwa pupa, na sikuweza kuivumilia hata kwa utangulizi wa wimbo mmoja.

Rejista ya Clarinet ndiyo iliyonifanya niihukumu seti hii kwa upole katika mambo mengine. Piga wimbo wa noti moja moja kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukishika filimbi laini, na usikilize mwanzo wa kila noti. Ulimi wa shaba hauanzi kulia mara moja. Kuna sehemu ndogo ya sekunde ambamo upepo unaushawishi, na sehemu hiyo hutofautiana kati ya bomba na bomba, kwa sababu aliyeyarekebisha mabomba hayo alikuwa binadamu mwenye kisu na subira. Hapa F inajitokeza kidogo mbele ya E jirani yake, na noti moja ya juu ina mkwaruzo mdogo ambao mtengenezaji mwingine angeufuta. Kasoro hizi ndizo zinazolitenganisha bomba halisi na sauti ya kiwandani. Kinanda cha umeme cha dukani, hata kile cha bei kubwa, kwa kawaida huchukua noti moja na kuinyoosha juu na chini kwa majirani zake, na sikio huchoka bila kujua limechoshwa na nini.

Suala la kufuta kelele linahusiana na hilo, na watu wengi hawalielewi. Kila sampuli hurekodiwa pamoja na mvumo wa mashine ya upepo. Bomba moja likilia, mvumo huo hauna madhara, lakini akodi ya noti 5 kwenye rejista 20 huamsha sampuli 100 kwa wakati mmoja, na mivumo 100 isiyohusiana hujumlishwa hadi kuongezeka kwa desibeli 20. Kusingefutwa kitu, kinanda kizima kingesikika kana kwamba kimewekwa kando ya maporomoko. Kwa hiyo kelele lazima ipunguzwe, na ufundi wote uko katika kujua pa kuishia, maana pumzi ya filimbi na mvumo wa mashine hukaa katika eneo lilelile la sauti. Ukifuta kwa pupa, filimbi inabaki na noti bila upepo. Sonus Paradisi wamefuta kwa kiasi, na mvumo wa mashine wameurudisha kama sauti ya peke yake ambayo mtumiaji anaweza kuizima. Mimi siuzimi.

Viunganishi vya oktava, vinavyoliza pia noti ya oktava ya juu au ya chini ya ile iliyobonyezwa, navyo ni mtihani wa pekee kwa vinanda vya Kimarekani. Kibodi ina vibao 61, lakini Skinner alikuwa na desturi ya kuziwekea rejista za masanduku mabomba 73, yaani oktava moja zaidi juu, ili mpigaji akiunganisha oktava ya juu, noti za mwisho zisikosekane. Mabomba hayo 12 ya ziada hayana kibao chake. Hulia kupitia kiunganishi tu, na kwa hiyo mtu mwenye haraka anaweza kuyaruka wakati wa kurekodi na kuiacha programu iyatengeneze kwa kuzivuta juu noti za chini yake. Ukitaka kujua kama seti imerukwa hivyo, panda hatua kwa hatua katika oktava ya mwisho huku kiunganishi kikiwa wazi na usikilize kama rangi ya sauti inabadilika ghafla mahali fulani. Kwenye Opus 497 sikusikia ngazi yoyote.

Kitetemeshi, kifaa kinachotikisa upepo ili sauti itetemeke, ni habari yenye utata zaidi, na hapa wapenzi wa fani hii hugawanyika. Njia ya kwanza ni kuzirekodi rejista zinazohusika mara mbili, kitetemeshi kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa. Hapo noti moja moja ya rejista kama Vox Humana huwa na ukweli unaovutia, lakini ukishika akodi, kila noti hutetemeka kwa wakati wake yenyewe, jambo lisilotokea katika kinanda halisi, ambamo ni upepo wa sanduku zima unaotikiswa na mabomba yote hutetemeka pamoja. Njia ya pili ni kuiachia programu iutengeneze mtetemo. Mabomba yote yatakwenda pamoja, lakini mtetemo huwa nadhifu mno, maana rangi ya sauti haibadiliki ipasavyo upepo unapopanda na kushuka. Kwa kinanda cha Skinner napendelea njia ya pili ikiwekwa kwa kiasi, ingawa najua wapenzi wa vinanda vya majumba ya sinema, ambao kitetemeshi kwao ni chakula cha kila siku, watanicheka.

Nimelichelewesha suala la sanduku makusudi, kwa kuwa ndilo linaloamua. Mabomba yote yaliyo ndani ya sanduku hurekodiwa luva zikiwa wazi kabisa, na hakuna namna nyingine ya maana, kwani kurekodi kila bomba kwa kila hatua ya luva kungeizidisha kazi mara nane au kumi. Kufunga luva, basi, ni kazi ya hesabu za programu. Hauptwerk hufanya mambo mawili: hupunguza ukubwa wa sauti, na huchuja sauti za juu zaidi ya zile za chini, kwa sababu mbao nzito huzuia vitu vyembamba kuliko vizito. Matokeo yake yanaridhisha kwa rejista laini. Celeste ikizimika polepole mwishoni mwa sala, mtu aliyekaa nawe chumbani hatatofautisha.

Cornopean ndiyo inayofichua udhaifu. Hii ni rejista ya ulimi yenye nguvu, na katika kinanda halisi, ikiwa ndani ya sanduku lililofungwa, sauti yake huwa na msukumo uliobanwa, kama wa mtu anayejizuia kusema. Sauti hiyo haitokani na kupungua tu. Inatokana na mawimbi yanayogonga kuta za ndani za sanduku, yanayorudi juu ya mabomba yenyewe, kisha yanayopenya kwenye nyufa za luva na kutoka upande tofauti na ule ambao yangetokea luva zikiwa wazi, hivyo kwamba hata mwangwi wa jengo hubadilika. Luva zinapoanza kuachana, sehemu kubwa ya badiliko hutokea katika hatua ya kwanza kabisa ya mguu. Katika programu, Cornopean iliyofungwa ni Cornopean iliyowekwa mbali na kufunikwa blanketi. Mwangwi unaoifuata ni uleule wa luva zilizo wazi, umepunguzwa tu. Ukifungua kwa haraka wakati kinanda kizima kinalia, sauti inaongezeka sana, lakini haipasuki. Sauti inakua bila mlango kufunguliwa.

Hili si kosa la seti hii peke yake, wala la kampuni iliyoirekodi; ni mpaka wa njia yenyewe. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba mpaka huo unaumiza zaidi kwa Skinner kuliko kwa kinanda cha karne ya 18 cha Uholanzi, ambacho hakina sanduku lolote la luva na kwa hiyo hakidaiwi kitu. Nafuu moja ipo. Programu inaruhusu kuipinda mistari ya kanyagio la luva, ile inayoamua sauti ibadilike kiasi gani kwa kila hatua ya mguu, na ukiipinda ili badiliko kubwa litokee katika robo ya kwanza ya mwendo wa mguu, badala ya kugawanywa sawasawa, ule msukumo unarudi kwa kiasi cha kutosha kukufanya usahau.

Kuhusu Hauptwerk yenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu maelezo yake yamejaa kila mahali. Ilianzishwa na Mwingereza Martin Dyde mwaka 2002, na tangu 2008 iko mikononi mwa Milan Digital Audio ya Marekani. Kuna toleo dogo na toleo kamili, unaweza kulipia kwa kipindi au kununua moja kwa moja, na leseni husimamiwa na mfumo wa iLok. Kwa kinanda cha ukubwa huu toleo kamili ndilo lenye maana. Kuna pia kifaa cha kuiga mtikisiko wa upepo, ambacho kinapendeza kwenye vinanda vya kale vilivyokuwa na mivukuto ya kukanyagwa, lakini Skinner alihangaika maisha yake yote ili upepo wake usitikisike hata kidogo. Kipunguze hadi karibu na sifuri. GrandOrgue, ambayo ni programu huria ya bure, ni mbadala wa heshima na ndiyo ningemshauri kijana aanzie, ila haifungui seti zilizofungwa kwa usimbaji wa Hauptwerk, na katika matoleo niliyoyatumia kanyagio lake hupunguza sauti tu bila kuchuja, kwa hiyo tatizo la Cornopean nililolieleza huwa kubwa zaidi.

Kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki kuna mambo ya vitendo ambayo tathmini za Wazungu hazigusi. Seti yenye makumi ya gigabaiti haishuki kwa kifurushi cha simu cha wiki. Tafuta laini ya faiba, hata kama ni ya rafiki au ya ofisi yenye utu, na hakikisha kipakuzi chako kinaweza kuendelea pale kilipokatikia. Kuingiza kinanda kikubwa kwenye RAM huchukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika katikati ya wimbo wa sadaka unaanza upya mbele ya waumini wote, kwa hiyo UPS, yaani betri ya akiba, si anasa. Sauti yenyewe isipitishwe kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Kadi ya nje ya sauti hupunguza ucheleweshaji kati ya kidole na sikio, na ucheleweshaji ukizidi milisekunde 20 hivi, mpigaji huanza kujikwaa bila kuelewa sababu. Aliyekwisha kupiga kinanda cha mabomba kilichoko All Saints, Nairobi, au kingine kati ya vile vichache tulivyonavyo, atajua pia kwamba spika mbili ndogo hazitatoa ule mtikisiko wa bomba refu la miguu. Spika ya besi ni lazima.

Watengenezaji wa seti hizi hupenda kusema kwamba wanahifadhi urithi. Kuna ukweli humo, nami sitaki kuudharau. Kuanzia miaka ya 1930 ladha iligeuka, vinanda vya Skinner vikaanza kuonekana vizito na vya kizamani, na vingi vikabomolewa au vikabadilishwa mabomba hadi visitambulike, naye mwenyewe akiwa hai anatazama. Kinanda cha akina Hook cha mwaka 1863, kilichokuwa katika kanisa la Immaculate Conception mjini Boston, kilishushwa na kufungashwa, na jengo likageuzwa kuwa nyumba za kupanga. Hata kile cha Wanamaker mjini Philadelphia, chenye mabomba zaidi ya 28,000, hakina tena duka lililokizunguka tangu lilipofungwa Machi 2025. Rekodi ya bomba kwa bomba, katika hali hiyo, ni ushahidi ambao rekodi ya kawaida ya tamasha haiwezi kuutoa, maana mtafiti anaweza kuiuliza maswali: rejista hii ikiunganishwa na ile, zinaelewanaje?

Hata hivyo ushahidi ni wa luva zilizo wazi, katika usiku ule na joto lile. Ngozi ndogo zilizo chini ya mabomba ya Skinner, ambazo huchakaa baada ya miongo kadhaa na kudai kubadilishwa kwa gharama kubwa, hazimo ndani ya faili. Wala haimo kazi ya fundi anayejua kuzibadilisha. Kanisa au hekalu likianza kufikiri kwamba kinanda chake tayari kimehifadhiwa Prague, na kwamba paa linalovuja juu ya mabomba linaweza kusubiri, seti hii itakuwa imefanya madhara ambayo walioirekodi usiku kucha hawakuyakusudia.

Kwa bei yake, nani ainunue? Mpigaji anayesindikiza kwaya na waimbaji wa peke yao, na anayependa muziki wa mwanzoni mwa karne ya 20, hatapata chombo kinachomtii hivi kwa urahisi mahali pengine, kwa kuwa rejista laini za Opus 497 zinatosha kumpa kazi ya miaka. Anayetaka Bach peke yake atafute seti ya Kijerumani, atalipa kidogo na kufurahi zaidi. Na yeyote atakayeichukua aanze na nafasi moja ya maikrofoni, ile ya karibu, kisha fedha aliyotaka kuongeza kwa nafasi ya nyuma ya jengo aitumie kununua kanyagio zito la chuma lenye mwendo mrefu, maana vile vikanyagio vyepesi vya plastiki vinavyouzwa pamoja na kibodi huruka kutoka kufungwa hadi kufunguka kabla mguu haujaamua.